Rimoti moja kwa vifaa vyote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuendesha pleya ya nyumbani

Katika ukurasa huu, pleya ni kifaa chochote kilichochomekwa kwenye televisheni ili kuchezesha filamu na muziki: kijisanduku cha Apple TV au Roku, kijiti cha Fire TV, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) yenye Kodi, programu ya kuchezesha filamu na muziki, hata deki ya Blu-ray. Anayeshika rimoti ya vifaa vingi kwa mara ya kwanza aanze juu. Aliyekwisha kuhangaika nayo wiki nzima anaweza kurukia sehemu ya matatizo.

## Kabla ya kununua

Rimoti ya vifaa vingi inafanyaje kazi?

Rimoti ya kawaida inapepesa taa ndogo iliyo kwenye ncha yake. Taa hiyo hutoa miali ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Mpepeso wake ni wa kasi sana, aghalabu mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya mpepeso huo ndimo unamopita ujumbe: "ongeza sauti", "simamisha", "rudi nyuma". Tatizo ni kwamba kila kampuni ilijitungia lugha yake. Ipo NEC, zipo RC-5 na RC-6 za Philips, ipo SIRC ya Sony, na nyingine nyingi. Rimoti ya vifaa vingi imebeba lugha hizi kwa wingi, na kazi yako ni kuiambia itumie ipi kwa kifaa kipi.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliingiza sokoni rimoti iliyoitwa CORE kupitia kampuni yake ya CL 9. Ilikuwa inanakili ishara za rimoti nyingine na kuzihifadhi.

Nitajuaje kama itaelewana na pleya yangu?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa, na wengi huliuliza baada ya kununua. Usianze kwa kuangalia rimoti. Angalia pleya yako inasikia kwa njia gani, kwa maana rimoti ya infraredi, hata iwe ya bei gani, haiwezi kusemezana na kifaa kisicho na jicho la infraredi.

Njia zilizopo ni nne: infraredi, Bluetooth, mtandao wa Wi-Fi, na waya wenyewe wa HDMI kupitia mfumo wa CEC. Apple TV huja na rimoti ya Bluetooth, lakini kijisanduku chenyewe kina jicho la infraredi, kwa hiyo kinakubali rimoti ya kawaida. Roku Express ina infraredi. Roku za kijiti zinatumia Wi-Fi. Kijiti cha Fire TV hakina jicho la infraredi. PlayStation 4 nayo haina. Raspberry Pi haina jicho, ila inaongezewa kwa urahisi. Deki nyingi za DVD na Blu-ray zinasikia infraredi bila shida.

Kama hujui yako iko kundi gani, chukua rimoti iliyokuja na pleya, nenda chumba kingine, funga mlango, kisha bonyeza vitufe vya mishale huku mtu akiangalia skrini. Menyu ikisogea, hiyo ni Bluetooth au Wi-Fi, kwani infraredi haipenyi ukuta. Isiposogea, karibu hakika ni infraredi. Usifanye jaribio hili kwa kitufe cha sauti. Rimoti kadhaa, ile ya Fire TV ikiwamo, huongea na pleya kwa Bluetooth lakini hutuma sauti kwa televisheni kwa infraredi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya.

Nawezaje kuhakikisha kwamba rimoti inatoa miali?

Fungua kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote. Ukiona taa ya zambarau au nyeupe ikipepesa kwenye skrini, miali inatoka. Jaribu kwa kamera ya mbele kwanza, maana kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi.

Ninunue ya aina gani?

Kwa maoni yangu, nunua inayoweza kujifunza kutoka kwa rimoti nyingine. Zile za misimbo tupu (nambari unazoingiza ili rimoti ijue chapa ya kifaa) ni rahisi, lakini siku ukipata kifaa ambacho chapa yake haimo kwenye orodha yake, umekwama. Inayojifunza haikwami hivyo, mradi rimoti ya asili ya kifaa chako bado iko hai. Hesabu pia vitufe: pleya inahitaji mishale minne, OK, kurudi, menyu, na vitufe vya kuchezesha na kusimamisha. Rimoti zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni peke yake mara nyingi hazina hivi vya mwisho.

Wengi watakushauri utafute Logitech Harmony. Zilikuwa nzuri kwelikweli, lakini Logitech ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuzitengeneza, na kuzipanga kunategemea huduma ya mtandaoni ya kampuni hiyo. Aliye nayo aendelee kuitumia. Anayetaka kununua iliyotumika ajue ananunua kifaa kilichofungwa kwenye huduma ya mtu mwingine.

Kwani simu haitoshi?

Inatosha kwa kuandika jina la filamu, na hapo inaishinda rimoti yoyote. Kwa Kodi kuna programu za simu za Kore na Yatse. Kwa Apple TV, iPhone ina rimoti ndani yake. Kwa Kodi, sharti uruhusu kwanza udhibiti kupitia HTTP kwenye mipangilio ya huduma, na mlango wake (port) wa kawaida ni 8080. Weka nywila, usiache wazi.

Ila mtu anapogonga mlango katikati ya filamu, kutafuta simu, kuifungua na kusubiri programu iunganike ni shughuli. Kidole kwenye kitufe halisi hakihitaji hata kutazama.

## Kuipanga

Msimbo unaingizwaje?

Majina ya vitufe hutofautiana, lakini mwenendo ni mmoja. Washa kifaa unachotaka kukiendesha. Shikilia kitufe cha kupanga (huandikwa SET au SETUP) hadi taa ya rimoti iwake na kubaki imewaka, au ipepese mara mbili. Bonyeza kitufe cha aina ya kifaa, kama vile TV, DVD au AUX. Ingiza msimbo wa chapa yako kutoka kwenye kitabu kilichokuja na rimoti. Taa ikizima au kupepesa kama kitabu kinavyosema, msimbo umepokelewa.

Kupokelewa si kukubaliwa na pleya. Maana yake ni kwamba rimoti inautambua msimbo huo, basi. Jaribu kitufe cha kuzima kwanza, kisha mishale, kisha kuchezesha. Chapa moja huwa na misimbo mingi. Pitia yote kabla ya kusema rimoti ni mbovu, na usisimame kwenye wa kwanza unaozima kifaa. Mara nyingi wa tatu au wa nne ndio wenye vitufe vyote.

Chapa yangu haimo kwenye orodha. Nifanyeje?

Tumia utafutaji wa moja kwa moja: rimoti inapitia misimbo yake mmoja baada ya mwingine huku ikituma amri ya kuzima, nawe unaisimamisha pleya inapozima. Inachosha, na ukichelewa kubonyeza inaupita msimbo uliokuwa unautafuta. Kama rimoti yako inajifunza, achana na yote hayo na uende swali linalofuata. Kama pleya yako ni kompyuta, kuna njia bora zaidi, iliyoelezwa kwenye swali kuhusu Flirc.

Naifundishaje kutoka kwa rimoti ya asili?

Zilaze rimoti mbili mezani zikitazamana ncha kwa ncha, zikiachana sentimita mbili hadi tano. Weka ya kujifunza katika hali ya kujifunza, bonyeza kitufe unachotaka kukijaza, kisha bonyeza kitufe chenye kazi hiyo kwenye rimoti ya asili. Taa itakuambia kama imeshika.

Betri za rimoti ya asili ziwe na nguvu, kwa sababu ishara dhaifu hunakiliwa vibaya na kosa utaligundua baadaye. Funga pazia na zima taa zilizo karibu. Halafu usikishikilie kitufe cha rimoti ya asili kwa muda mrefu, isipokuwa kitabu kikuagize: gusa, achia. Ukikishikilia, baadhi ya rimoti hunakili ishara pamoja na marudio yake, kisha kila ukibonyeza mara moja menyu inaruka hatua mbili.

Nataka vitufe vya sauti viende kwenye televisheni au spika hata ninapoendesha pleya.

Rimoti nyingi zinaweza kufunga sauti kwenye kifaa kimoja. Kwenye kitabu tafuta sehemu ya kufunga sauti. Rimoti ikiwa haina mpangilio huo lakini inajifunza, ingia upande wa pleya na uvifundishe vitufe vya sauti ishara za televisheni. Matokeo ni yale yale.

## Pleya isiyo na jicho la infraredi

HDMI-CEC ni nini, na inanisaidiaje?

Ndani ya waya wa HDMI kuna uzi mmoja, unaofika kwenye pini ya 13, uliotengwa kwa ajili ya vifaa kupeana amri. Ukibonyeza mshale kwenye rimoti ya televisheni, televisheni inaupokea kwa infraredi na kuupitisha kwa pleya kupitia uzi huo. Kwa hiyo rimoti yako ya vifaa vingi haihitaji kuijua pleya hata kidogo. Ipange kama rimoti ya televisheni, na televisheni itafanya kazi ya mpeleka ujumbe.

CEC inafichwa kwa majina mengi, na hapo ndipo watu wanapopotea kwenye menyu. Samsung huiita Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync, Panasonic ni Viera Link, Philips ni EasyLink. Iwashe kwenye televisheni na pia kwenye pleya. Raspberry Pi yenye Kodi inaielewa bila kuongezewa kitu. Kompyuta za kawaida karibu zote haziielewi, hata kama zina tundu la HDMI, mpaka uzichomekee adapta kama ya Pulse-Eight.

Udhaifu wake ni kwamba kila televisheni inachagua vitufe vya kupitisha. Mishale na OK hupita karibu siku zote. Kitufe cha menyu mara nyingi televisheni hukishika kwa matumizi yake yenyewe. Ukikuta kitufe unachokihitaji sana hakipiti, usipigane nacho, tumia Flirc.

Flirc ni nini?

Ni kijiti kidogo cha USB chenye jicho la infraredi, ambacho kwa pleya kinajitambulisha kama kibodi. Unakichomeka kwenye kompyuta, unafungua programu yake, unachagua kitufe kwenye picha iliyo kwenye skrini, kisha unabonyeza kitufe unachokitaka kwenye rimoti yoyote uliyo nayo. Mpangilio unahifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe, kwa hiyo ukimaliza unakihamishia kwenye Raspberry Pi au kifaa kingine kinachokubali kibodi ya USB.

Hapa mambo yanageuka. Badala ya kuisumbua rimoti ijifunze lugha ya pleya, pleya ndiyo inayojifunza lugha ya rimoti. Chapa kutokuwemo kwenye orodha si kikwazo tena. Ipange rimoti kwa msimbo wa kifaa chochote cha chapa ambayo huna nyumbani, hakikisha vitufe vyote vinatoa ishara, kisha mfundishe Flirc ishara hizo. Sababu ya kuchagua chapa usiyo nayo ni kwamba kifaa kingine hakitaitika kwa bahati mbaya.

Naweza kuiwekea Raspberry Pi jicho bila kununua Flirc?

Ndiyo. Unahitaji kipokezi cha pini tatu cha aina ya TSOP38238 na nyaya tatu: umeme wa volti 3.3, ardhi, na ishara kwenye GPIO 18, mojawapo ya pini za Pi za kuunganishia vifaa. Kwenye faili la config.txt ongeza mstari `dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18` na uwashe upya. Amri ya `sudo ir-keytable -p all -t` itakuonyesha kila kitufe kinavyofika. Hakikisha mpangilio wa pini kwenye karatasi ya kipokezi chako, kwani vipokezi vinavyofanana kwa sura hupishana kwa pini, na ukikosea vinaungua.

Na Bluetooth je?

Kuna rimoti za vifaa vingi zenye Bluetooth na vituo vidogo vinavyopokea amri kutoka kwa rimoti au simu na kuzisambaza. Kabla ya kununua, hakikisha pleya yako imetajwa kwa jina lake kamili. Maneno "inakubali Bluetooth" kwenye boksi hayatoshi.

## Vitufe ndani ya Kodi

Flirc ni kama kibodi. Nivipe vitufe kazi gani?

Mishale na Enter hazihitaji maelezo. Backspace inarudi nyuma. Nafasi inasimamisha na kuendeleza, X inakatisha kabisa. F inakimbiza mbele, R inarudisha nyuma. I inaonyesha maelezo ya filamu, C inafungua menyu ya ziada ya kitu ulichosimama juu yake, T inawasha na kuzima maandishi ya tafsiri, na S inaleta menyu ya kuzima. Tab, inayokurudisha kwenye filamu inayoendelea ukiwa umezurura kwenye menyu, husahauliwa na wengi. Mimi ningeipa kitufe chake mapema kuliko hata I.

Naweza kubadilisha kazi ya kitufe?

Kwa njia rahisi, weka nyongeza ya Keymap Editor, chagua kazi, bonyeza kitufe. Anayependa kuandika mwenyewe aweke faili la XML kwenye folda ya keymaps iliyo ndani ya userdata, folda ya mipangilio ya Kodi. Kitufe kimoja kinaweza kuwa na kazi tofauti kwenye menyu na wakati filamu inacheza, na hilo linasaidia sana kama rimoti yako ina vitufe vichache.

## Matatizo

Inafanya kazi nikiwa karibu tu.

Anza na betri. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na rimoti nyingine huonyesha unyonge kwa hilo. Kama betri ni nzima, huenda lugha na jicho havilingani: vipokezi vingi vimetengenezwa kwa mpepeso wa 38 kHz (mara 38,000 kwa sekunde), ilhali RC-5 hutumia 36 na Sony hutumia 40. Jicho linasikia, ila kwa umbali mfupi. Ukiwa na Flirc au TSOP, panga rimoti kwa msimbo wa chapa nyingine na uifundishe pleya upya.

Jana ilikuwa sawa, leo mchana haisikii.

Jua linalopiga moja kwa moja kwenye jicho la pleya linalizidi nguvu. Taa za floresenti zinazookoa umeme na televisheni za plazma nazo hutoa infraredi inayovuruga. Geuza pleya au kinga jicho lake na mwanga, kisha jaribu tena.

Pleya iko ndani ya kabati.

Mbao zinazuia miali. Nunua kirudishaji cha infraredi: jicho linakaa nje, na taa ndogo inabandikwa mbele ya jicho la pleya. Au tumia CEC, ambayo haijali kabati.

Kitufe kinaitika mara ya kwanza, nikikibonyeza tena kinakaa kimya.

Hili linawatesa waliofundisha rimoti zao kutoka kwa rimoti za RC-5 au RC-6, zikiwamo za Windows Media Center, programu ya zamani ya Windows ya kuchezesha filamu na muziki. Katika lugha hizi kuna biti moja (alama ya 0 au 1 ndani ya ujumbe) inayogeuka kila unapoachia kitufe na kukibonyeza upya, ili mpokeaji ajue hujakishikilia tu. Rimoti iliyonakili inakariri biti hiyo ilivyokuwa siku ya kunakili, haigeuki tena. Pleya inadhani kidole chako bado kiko pale pale. Ukibonyeza kitufe kingine katikati, cha kwanza kinafufuka, na hiyo ndiyo dalili ya kuitambulia. Kufundisha upya hakusaidii. Futa ulichofundisha na utumie msimbo uliomo ndani ya rimoti, kwa kuwa huo unajua kugeuza biti.

Nabonyeza mara moja, inaruka mbili.

Kama rimoti ilifundishwa, rudi kwenye swali la kufundisha. Kama sivyo, chunguza iwapo pleya inasikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja: televisheni inapitisha mshale kwa CEC, na Flirc naye anausikia mshale ule ule. Zima njia moja.

Rimoti inagoma kabisa kujifunza kifaa kimoja.

Huenda kifaa hicho hakitumii mpepeso wa kawaida. Bang & Olufsen walitumia 455 kHz, mbali sana na uwezo wa rimoti nyingi kusikia. Na kama rimoti ya asili ni ya Bluetooth, hakuna miali ya kunakili.

Kitufe cha "washa vyote" kinawasha televisheni na kuzima pleya.

Kitufe cha umeme cha vifaa vingi kinabadilisha tu hali: kilichowaka kinazimwa, kilichozimwa kinawashwa. Kifaa kimoja kikitoka kwenye mstari, msururu wako wote wa amri unapinduka. Dawa ni misimbo iliyotengana, mmoja wa kuwasha tu na mwingine wa kuzima tu. Vifaa vingi vinaielewa hata kama rimoti yake ya asili haina vitufe hivyo. Ikikosekana, toa umeme wa pleya kwenye msururu na uiache ikiwaka muda wote.

Inazima pleya, lakini kuiwasha haiwezi.

Raspberry Pi ikizimwa kabisa, haina sehemu iliyo macho kusikiliza rimoti. Iache iwake na uzime televisheni peke yake. Inatumia wati chache tu. Kwa kompyuta, tumia usingizi badala ya kuzima, ruhusu USB kuiamsha kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka), na uondoe mpangilio wa ErP, wa kuokoa umeme, kama upo, kwani unakata umeme wa USB.

Nimebadilisha betri, mipangilio yote imepotea.

Rimoti za zamani huhifadhi misimbo kwa nguvu ya betri, na zikikaa bila betri zinaisahau. Badilisha haraka, betri moja moja. Misimbo iliyokubali iandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha betri.